Ana mpira ila hana mwili

Shikamoo Bibi,

Naandika kwa simu huku vitumbua viko jikoni, kwa hiyo unisamehe nikirukaruka.

Nina watoto wawili, wote wamepagawa na mpira. Wa kwanza ni wa kiume, ametimiza miaka 16 mwezi wa kwanza, yuko kidato cha tatu na anacheza namba nane. Hapa Morogoro wanaomjua wanasema mguu wake wa kushoto unaongea. Mwaka jana alikwenda Dar es Salaam kwenye majaribio ya timu ya vijana ya klabu moja kubwa. Akafika hatua ya mwisho, wakamrudisha. Mtu aliyekuwa anawasimamia alinipigia simu akasema, "Mama, mtoto wako ana mpira ila hana mwili. Mlete mwakani akiwa amejaza." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna habari nyingine ila mwili, mwili, mwili.

Kuna kaka mmoja ana gym huku mtaani. Yeye ndiye alituambia habari za unga wa protini. Kopo zima ni shilingi 160,000, hatuliwezi, kwa hiyo anatupimia. Anachota kwenye ndoo, anatia kwenye mfuko wa nailoni, anapiga fundo. Kila wiki 40,000, nusu natoa mimi na nusu mjomba wake. Mwezi uliopita akatuongezea na vidonge, vidogo, vyeupe, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari kama karanga za shilingi mia. Kimoja asubuhi, kimoja usiku. Alisema ni vitamini za kuleta hamu ya kula.

Bibi, sitasema uongo, vimefanya kazi. Kwa wiki tano ametoka kilo 52 hadi 56. Anakula kama ametoka jando. Mashavu yamejaa mpaka majirani wananipongeza. Ila analala darasani, mwalimu ameshaniita. Chunusi zimemjaa mgongoni. Na Jumamosi iliyopita, kipindi cha pili, nilimwona ameinama ameshika magoti, mtoto ambaye zamani wenzake wakichoka yeye ndiyo kwanza anaanza. Yule kaka akasema mwili bado unazoea, anywe kinywaji cha kuongeza nguvu kabla ya mechi. Akanywa makopo mawili. Usiku ule hakulala, anasema moyo unamwenda mbio.

Majaribio mengine ni mwezi wa sita. Sasa naambiwa tuanze kreatini, eti Wazungu wote wanatumia. Ni kweli? Na je, ni kweli Messi alichomwa sindano za kukua? Maana kijana ameshaanza kuniuliza.

Chakula chetu ni cha kawaida. Asubuhi chai ya rangi na kitumbua, anaondoka saa 12 kasoro. Shuleni mchana makande au ugali maharage. Mazoezi saa 10 mpaka saa 12 jioni. Usiku ugali na mboga za majani, dagaa wakiwepo. Trei ya mayai hapa ni 9,000, kwetu hiyo ni ya sikukuu. Siku za mpira wa Ulaya anaaga anakwenda kibanda umiza.

Nilitaka kusahau: mdogo wake wa kike, miaka 14, ni winga wa timu ya shule. Naye siku hizi analalamika miguu mizito, akipanda kile kilima cha kwetu anasimama katikati. Nahisi ni wivu wa unga wa kaka yake. Nimpe na yeye kidogo? Huyu hata chakula hali vizuri, kazi yake kunywa chai na kutafuna mchele wangu mbichi wa vitumbua.

Mama Namba Nane, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilishtuka kwa ajili ya kijana. Mara ya pili nikashtuka zaidi kwa ajili ya mtu mwingine, na huyo nitamfikia mwishoni. Tuanze na vile vidonge, kwa sababu vyenyewe havisubiri.

Kesho asubuhi, kabla hujakwenda sokoni, mchukue kijana na ile karatasi ya daftari na vidonge vilivyomo, muende hospitali. Usiende duka la dawa, nenda hospitali. Mwambie daktari hivi: mtoto amekunywa dawa hizi mara mbili kwa siku kwa wiki tano, hatujui ni nini. Usione haya. Mimi nimevaa sare ya unesi miaka mingi, na ninakuhakikishia daktari anayeletewa kidonge mkononi anafurahi kuliko anayeletewa hadithi.

Kutoka hapa siwezi kukuambia ni dawa gani. Lakini mashavu kujaa ghafla, njaa isiyoshiba, usingizi wa mchana, chunusi za mgongoni, kilo nne ndani ya wiki tano: hayo nimeyaona sana, na mara nyingi wanaoyapata ni wasichana wanaotafuta makalio. Zipo dawa mbili ambazo huku kwetu na Kongo zinauzwa kama "dawa za kunenepa". Moja ni siproheptadini, dawa ya mzio, ambayo inaleta hamu ya kula na usingizi mzito. Ya pili ni deksamethasoni, dawa kali ya familia ya steroidi, ambayo hospitalini tunaiheshimu. Inaokoa maisha ya mtu mwenye pumu kali, lakini kwa mtoto mwenye afya inapandisha sukari, inajaza maji na mafuta usoni, inalegeza misuli ya mapaja, inadhoofisha mifupa na inaweza kumzuia kurefuka. Kama kijana wako amekuwa akinywa hiyo, basi zile kilo nne si mwili wa mpira hata kidogo. Ndiyo maana ameshika magoti.

Jambo moja la kushika sana. Mwili unaopewa dawa hiyo kutoka nje kwa wiki kadhaa unaacha kutengeneza ya kwake. Mtu akiikata ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka, hata kuzimia. Kwa hiyo daktari ndiye atakayesema inaachwa vipi, moja kwa moja au kwa kupunguza kidogo kidogo. Ndiyo sababu nimesema kesho, sikusema wiki ijayo. Na akizidiwa usiku huu, usingoje kuche.

Kuna hasara nyingine ambayo yule kaka wa gym hakukutajia. Dawa za aina hiyo, zikinywewa au zikichomwa, zimo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ya vitu vilivyokatazwa siku ya mashindano. Na sheria ya michezo haina huruma na "sikujua". Kilichokutwa kwenye mkojo wako ni chako. Muulize kijana kama anamkumbuka André Onana, kipa wa Cameroon. Mwaka 2021, akiwa Ajax, UEFA ilimfungia miezi 12 baada ya kukutwa na dawa ya kukojosha. Maelezo yake ni kwamba aliumwa kichwa akachukua kidonge cha mkewe akidhani ni cha kwake. UEFA yenyewe ilikubali kwamba hakukusudia kudanganya, na bado ikamfungia. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaja kumpunguzia hadi miezi 9. Miaka kumi kabla yake, Kolo Touré wa Manchester City alikaa nje miezi sita kwa vidonge vya mkewe vya kupunguza mwili. Hao wana madaktari wa timu na mawakili. Mwanao ana karatasi ya daftari.

Sasa ule unga.

Unga wa protini wenyewe, ule wa kweli, si uchawi wala si sumu. Mwingi unatokana na yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Yanakaushwa, yanatiwa ladha ya vanila, yanapigwa picha ya mtu mwenye kifua kama kabati. Kijiko kimoja cha kopo kina protini kama gramu 24. Hiyo ni sawa na mayai manne. Kwa bei uliyoniandikia, kopo la vijiko 30 kwa 160,000, kijiko kimoja kinakutoka shilingi 5,300 hivi. Mayai manne kwa bei ya trei yenu ni 1,200. Trei unaiita ya sikukuu, halafu kila wiki unatoa 40,000, bei ya trei nne na chenji! Sikucheki, mwanangu. Ndivyo tulivyo wote: kitu kikiwa na maandishi ya Kizungu hatukihesabu kwa akili ileile tunayohesabia nyanya.

Na wako hata hayo maandishi hauna. Hilo ndilo linanikera kuliko bei. Unga uliochotwa kwenye ndoo hauna jina, hauna tarehe, hauna namba ya toleo. Ukileta madhara utamshtaki nani, fundo la nailoni? Hata makopo yaliyofungwa kiwandani yameshawaponza watu. Maabara ya Köln, Ujerumani, ilikusanya virutubisho 634 vilivyonunuliwa nchi 13 kati ya mwaka 2000 na 2001. Ndani ya 94 walikuta homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Karibu kimoja katika kila saba. Ni utafiti wa zamani, lakini ndio uliofanya wachezaji wakubwa leo wasiguse kopo ambalo halina alama ya kupimwa toleo kwa toleo, kama Informed Sport. Huku mitaani alama hiyo ni ya nadra, na ikionekana, iangalie mara mbili kama si stika.

Homoni hizo zikimwingia kijana ambaye bado anarefuka, zinafunga mapema zile sehemu laini mwisho wa mifupa ambako urefu unatokea. Unatafuta mwili, unapoteza kimo. Kwa hiyo ule mfuko uliobaki, mwaga. Usiwape hata kuku.

Tuhesabu basi anachohitaji. Wataalamu wa lishe wa UEFA, kwenye mwongozo wao wa 2021, wanawapa wachezaji gramu 1.6 hadi 2.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Tuchukue 1.6 kwa uzito wake wa kweli, kilo 52. Inakuja gramu 83. Mayai mawili, 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Dagaa wakavu konzi moja ya gramu 30, 18 hivi. Glasi ya maziwa, 8. Konzi ya karanga, 7. Ugali wa dona wa mchana na usiku, tuseme unga gramu 300, karibu 24. Jumlisha. Umefika 84 na hujamwona mtu wa gym. Ukilinganisha na barua yako, kinachokosekana ni mayai, maziwa, karanga na dagaa wa uhakika. Zile 40,000 za wiki zinavitosha vyote na utabaki na chenji.

Lakini nikuambie ukweli, protini si shida yake kubwa. Shida yake ni kwamba anacheza na tumbo tupu. Mchezaji wa kiungo kwenye ligi kubwa anakimbia kilomita kumi na zaidi kwa mechi, na mafuta ya gari hilo ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Wako anaondoka alfajiri na kitumbua kimoja, anakula saa 7 mchana, halafu mazoezi saa 10 mpaka saa 12, na baada ya hapo anangoja ugali uive. Mama anauza vitumbua mtaa mzima, na namba nane wake anaondoka na kimoja! Kuanzia kesho afunge safari na vinne na yai moja la kuchemsha, na uji uliotiwa karanga badala ya chai ya rangi. Saa 9 na nusu, kabla ya mazoezi, ndizi mbili mbivu. Akitoka tu uwanjani, asisubiri chakula cha usiku: glasi ya maziwa na kiporo cha wali au viazi vitamu. Siku ya mechi ale mlo wa kushiba zikiwa zimebaki saa tatu au nne kabla ya filimbi, wali au ugali na maharage kidogo, mafuta machache. Chapati za mafuta na nyama choma zisubiri baada ya mechi. Mapumziko, chungwa na maji. Kwa joto la Morogoro awe na chupa yake, na akitoka jasho la kuacha chumvi kwenye jezi, tia chumvi kidogo na sukari kwenye maji yake. Dafu pia ni zuri, kama halikugharimu nauli.

Kuhusu makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu: kopo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80, karibu na kikombe kimoja cha kahawa. Kafeini inasaidia wachezaji wakubwa, sikatai. Kwa watoto, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka kikomo cha miligramu 3 kwa kilo kwa siku, na kwa kilo 52 hiyo ni 156. Makopo mawili yameshavuka. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2011 wanasema vinywaji hivi havina nafasi kwa watoto na vijana, basi. Nami sina la kuongeza, isipokuwa kwamba usingizi uliokosekana usiku ule ndio uliokuwa na thamani. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10, na homoni ya kukua ile ya asili humwagika zaidi akiwa kwenye usingizi mzito. Mpira wa Ulaya unaanza saa 4 au saa 5 usiku, na yeye anaamka saa 11. Hapo hata unga wa dhahabu hautasaidia. Simwambii asiangalie. Achague mechi moja kwa wiki, zilizobaki aangalie mabao asubuhi kwenye simu ya mjomba.

Kreatini. Hapa yule kaka hakudanganya kabisa, na sitaki umwambie kijana kwamba Bibi amesema ni uongo, kwa sababu atatafuta mwenyewe atakuta si uongo. Kreatini imo kwenye nyama na samaki, na miili yetu inaitengeneza. Kwa watu wazima inaongeza kidogo nguvu za mbio fupifupi za kurudiarudia, ambazo ndizo za mpira. Kuna hata jaribio la mwaka 2004 kwa wachezaji 20 wa umri kama wake. Waliopewa kreatini kwa siku saba waliboresha kupiga chenga, mbio fupi na kuruka. Kwenye stamina hakukuwa na tofauti. Lakini ni watu 20 kwa wiki moja. Hiyo haitoshi kumwambia mama kwamba ni salama kwa mwaka mzima kwa mtoto anayekua, na madaktari wa watoto wa Marekani hawaipendekezi chini ya miaka 18. Halafu kilo za mwanzo zinazoongezeka ni maji kwenye misuli. Wewe mwenyewe umeshaona kilo za maji zinavyodanganya. Akifika 18, yuko kwenye timu yenye daktari, anakula vizuri na analala, waongee naye huko.

Messi ni kweli, alichomwa sindano. Lakini alikuwa mtoto mgonjwa: madaktari walimpima wakakuta mwili wake hautoi homoni ya kukua ya kutosha. Ilikuwa ni tiba, kama insulini kwa mwenye kisukari. Mwambie kijana homoni hiyohiyo kwa mtu asiye na ugonjwa ni kosa la kufungiwa miaka.

Nina swali kwako. Baba yake alirefuka lini? Wapo wavulana wanaochupa wakiwa na miaka 13, wapo wanaosubiri 16 au 17, na misuli huja baada ya urefu. Makocha wengi wanachagua waliotangulia kubalehe, kisha wanaita hilo kipaji. Mpige alama kwenye mlango kila mwezi. Kama bado anapanda, mwambie hajachelewa. N'Golo Kanté ana sentimita 168 au 169 hivi, alikataliwa kwingi kwa ajili ya mwili, na akabeba Kombe la Dunia 2018. Namtaja kwa sababu naye ni wa kiungo, si kwa sababu nataka mwanao abaki mfupi.

Na mwezi wa sita usikufanye ukimbie. Akienda majaribio na kilo 53 zinazokimbia dakika 90, ni bora kuliko 56 zinazoinama. Wakimkataa tena kwa mwili, ipo UMISSETA ya shule za sekondari, ipo ligi ya mkoa, upo mwaka mwingine. Yule kaka wa gym usigombane naye njiani. Mwache mjomba aongee naye kiume. Hospitali wakithibitisha ni dawa ya cheti, taarifa iende TMDA, mamlaka ya dawa, maana wewe si mteja wake peke yako.

Sasa yule winga.

Umemwandika kwenye mistari minne, baada ya "nilitaka kusahau". Miaka 14, miguu mizito, anasimama katikati ya kilima alichokuwa anapanda, chai kila saa, na anatafuna mchele mbichi. Mwanangu, mtoto anayetafuna mchele mbichi, au udongo, au barafu, mara nyingi mwili wake unalilia madini ya chuma. Sidhani kama ni wivu wala udeko. Bila shaka ameshaanza kuingia mwezini, anakimbia juani, anakua, na chakula cha nyumbani ni cha mboga na chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasiingie mwilini. Kwa hiyo hata kile kidogo anachokula, anakifukuza mwenyewe kwa kikombe.

Mwangalie ndani ya kope la chini, kwenye kucha, kwenye ulimi. Vikiwa vyeupe, usishangae. Kesho usiende hospitali na mtoto mmoja, nenda na wote wawili. Omba wampime wingi wa damu. Kwa msichana wa umri wake, chini ya 12 ni upungufu. Wamwangalie pia minyoo, malaria na selimundu, kwa sababu si kila damu iliyopungua ni ya kukosa chuma, na vidonge vya kuongeza damu havinywewi kwa kukisia. Ikiwa ni chuma, watampa vidonge. Atavinywa miezi kadhaa, choo kitakuwa cheusi, tumbo linaweza kumsumbua kidogo, asiache. Avinywe na chungwa au maji ya ukwaju, chai ikae mbali saa moja au mbili. Mtafutie maini, dagaa, mchicha uliokamuliwa limau. Dagaa wa nyumba hiyo wagawanywe sawa. Najua wanaume wanavyopakuliwa kwanza.

Umeniuliza nani apewe kirutubisho nyumbani kwako. Pengine ni huyu, na kinauzwa bei ya vitumbua viwili. Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India mwaka 2022, baada ya kuwafunga Ufaransa 2-1, walikuwa wasichana wa umri wa kuanzia huo wake.

Majibu ya damu yakitoka, niandikie namba. Ya msichana kwanza.

Bibi